Handaki lilikuwa limefungwa: kisa cha safari ya baiskeli Bourgogne Kusini

Kwa nini naandika kisa hiki

Waswahili wenzangu tunaoishi Ulaya huniuliza swali moja mara kwa mara: tuna siku tatu au nne, tunataka kuendesha baiskeli mashambani pasipo na magari, na nusu yetu hatujapanda baiskeli tangu utotoni, twende wapi? Nawajibu waende Bourgogne Kusini, Ufaransa, kwenye njia ya kijani, yaani njia ya baiskeli isiyoruhusu magari, inayopita Buxy na Cluny. Jibu hilo sijalibadilisha. Ila safari moja niliyoipanga na kuiongoza mwenyewe iliharibika siku ya mwisho, na kosa lilikuwa langu, tena nililifanya mezani kabla mtu yeyote hajakanyaga pedali. Nimeondoa majina, mwaka na miji tunayoishi. Mfuatano wa mambo nimeuacha ulivyokuwa.

Usuli

Tulikuwa watu 7. Mkubwa wetu alikuwa mama wa miaka 61 tuliyekuwa tukimwita Shangazi sote, ingawa hakuna aliyekuwa na damu naye. Goti lake la kulia lilikuwa na historia. Alikuwapo mwalimu wa kwaya aliyekulia Tanzania, mke na mume wa makamo, wasichana wawili wanafunzi, na mimi. Wenye mazoezi ya kweli ya baiskeli tulikuwa wawili, mimi na yule mume, ambaye zamani alikuwa fundi baiskeli na bado alikuwa akitembea na viraka na gundi mfukoni.

Eneo lenyewe ni la vilima vya mviringo, si milima. Upande wa kaskazini, Givry na Buxy, ni mizabibu mitupu. Ukishuka kusini unaingia kwenye malisho ya ng'ombe weupe wa Charolais, yaliyogawanywa kwa nyua za miti. Kwa macho ni nchi laini. Ila barabara za vijijini hupanda na kushuka kila baada ya dakika chache, na mtu asiye na mazoezi hukata pumzi saa ya kwanza tu.

Njia ya kijani haimchoshi mtu hivyo, kwa sababu ilikuwa reli. Treni ya mvuke haikuwa na nguvu ya kupanda mlima, kwa hiyo wahandisi wa karne ya 19 walitafuta mwinuko wa mita 2 au 3 kwa kila mita 100, basi. Penye kilima walikichonga, penye bonde wakajaza udongo. Reli ilipokufa vyuma vikaondolewa, ikamwagwa lami, na mwaka 1997 zikafunguliwa kilomita 44 kati ya Givry na Cluny. Ndiyo njia ya kijani ya kwanza ya Ufaransa. Baadaye ilirefushwa kaskazini hadi Chalon-sur-Saône na kusini hadi Charnay-lès-Mâcon, mlangoni mwa mji wa Mâcon.

Kusini mwa Cluny kuna safu ya vilima ambayo hao wahandisi hawakuweza kuizunguka wala kuichonga. Waliitoboa. Hilo ndilo handaki la Bois Clair, lenye urefu wa mita 1,600 hivi. Lina taa, lina lami, na ukilipita wakati wa joto unapata baridi kama ya jokofu. Ndilo kiungo pekee kati ya nusu mbili za njia ambacho hakina mlima.

Mpango ulivyokuwa

Tulichagua wiki moja ya katikati ya Machi kwa sababu ndiyo wiki pekee ambayo kazi na masomo ya watu saba yalikubaliana. Siku ya kwanza Chalon hadi Buxy, chini ya kilomita 20. Siku ya pili Buxy hadi Taizé kwa kupitia Saint-Gengoux-le-National na Cormatin. Siku ya tatu kupumzika Taizé. Siku ya nne Taizé, Cluny, handaki, Mâcon, kilomita 35 hivi, kisha treni ya saa kumi na moja na robo jioni.

Taizé lilikuwa ombi la mwalimu wa kwaya. Ile jumuiya ya watawa wa madhehebu mbalimbali iliyoanza huko mwaka 1940 ina uhusiano wa muda mrefu na Nairobi: baadhi ya watawa wake waliishi Mathare, na mwaka 2008 waliandaa mkutano mkubwa wa vijana jijini humo. Mwalimu alikuwapo, na tangu siku hiyo alitamani kukiona kijiji chenyewe.

Baiskeli zote tulikodi duka moja la Chalon. Mwenye duka aliahidi kuja na gari kuzipokea Mâcon saa kumi na moja. Kwa hiyo mwisho wa safari ulikuwa na saa mbili zilizofungamana, ya gari la baiskeli na ya treni, nami niliacha saa nzima ya akiba. Niliona inatosha.

Mimi nilishapita handaki lile mara mbili, mara zote mbili wakati wa kiangazi. Nilipoifungua ramani nikaona mstari wa kijani hauna hata nukta iliyokatika kutoka Chalon hadi Charnay, akili yangu iliuunganisha mstari huo na kumbukumbu ya Julai. Sikumpigia mtu simu.

Yaliyotokea, siku kwa siku

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, isipokuwa kwenye makutano. Kila mahali ambapo reli ilikatana na barabara ndogo, sasa kuna vigingi vya kuzuia magari yasiingie, na ni mwenye baiskeli anayesimama kusubiri gari lipite. Kwenye makutano ya kwanza msichana mmoja alipita katikati ya vigingi akisahau kwamba ana mikoba miwili kwenye karieri. Mkoba wa kushoto ukanasa, baiskeli ikageuka, akabaki amesimama na mguu mmoja huku na mmoja kule. Hakuumia. Tangu hapo tuliweka utaratibu: wa mbele akiona vigingi anainua mkono, sote tunapunguza mwendo, tunapita mmoja mmoja.

Siku ya pili nilijifunza jambo ambalo sikuwa nimeliwazia. Tulipofika Saint-Gengoux watu wanne walikuwa wakilalamika makalio na mapaja, na tulikuwa tumetembea kilomita chache tu. Fundi ndiye aliyeeleza. Barabara ya kawaida ya vilima inakupandisha, kisha inakushusha, na unaposhuka unasimama juu ya pedali, unanyoosha mgongo, damu inarudi kwenye mapaja. Reli ya zamani haikupi mteremko wa kukupumzisha. Unakaa kwenye siti na kukanyaga, mkao uleule, kwa saa nzima. Njia rahisi inachosha kwa namna yake. Kuanzia hapo tulisimama kila baada ya dakika 20 na kushuka kabisa kwenye baiskeli, hata kama hakuna aliyeomba, na manung'uniko yakapungua.

Jioni ile tuliiacha njia ya kijani kwenda Taizé. Kijiji kiko juu ya kilima na njia iko chini bondeni, kwa hiyo kuna kipande kifupi cha kupanda. Wasichana walipanda wakicheka. Mwalimu aliweka gia nzito badala ya nyepesi, cheni ikalia, akashuka. Shangazi alisukuma baiskeli yake tangu chini, hatua tatu anasimama, hatua tatu anasimama, mkono mmoja juu ya goti. Nilikwenda kumpokea baiskeli. Alipofika juu kengele za sala ya jioni zilikuwa zikilia, tukaingia kanisani, na mimi nikalisahau jambo lile.

Sikupaswa kulisahau. Kile kilima kidogo kilikuwa kimeniambia kila kitu kuhusu siku ya nne.

Siku ya tatu tulipumzika. Asubuhi ya siku ya nne nilimwamkia Shangazi na kumwuliza habari za goti. Akajibu, "Lipo." Tuliondoka saa tatu, tukaingia Cluny saa nne, na hapo tukakaa kupita kiasi. Ni vigumu kuwaharakisha watu Cluny. Abasia yake, yaani makao makubwa ya watawa, ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake la tatu ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote katika Ukristo hadi lilipojengwa la Mtakatifu Petro huko Roma. Baada ya mapinduzi ya Ufaransa lilibomolewa na mawe yake yakauzwa. Mwalimu alisimama chini ya kipande kilichobaki, akaimba sauti moja tu kwa taratibu, akasikiliza inavyorudi. Nani angemkatisha?

Tulifika kwenye mlango wa handaki saa nane na dakika kumi mchana. Lango la vyuma lilikuwa limefungwa. Kwenye vyuma palikuwa na tangazo lenye picha ya popo.

Langoni: uamuzi na sababu zake

Handaki la Bois Clair hufungwa miezi ya baridi ili popo walale. Popo wa huku wanakula wadudu, na wakati wa baridi wadudu hakuna. Kwa hiyo hulala usingizi wa miezi, mwili ukipoa na moyo ukipiga polepole, wakiishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini tangu kiangazi. Kila wakishtuliwa wanaamka na kuchoma sehemu ya akiba ile. Akiba ikiisha kabla wadudu hawajarudi, wanakufa. Machi ndiyo mwisho wa akiba yenyewe.

Msichana mmoja alipendekeza tutafute upenyo tupite kimyakimya. Nilikataa, na huo ndio uamuzi wa siku ile ambao sijawahi kuujutia.

Shangazi aliketi kwenye jiwe. "Mwanangu," akasema, "si uliniambia hakuna mlima?"

"Nilikuambia, Shangazi. Nilikosea."

Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, sote kupita juu ya kilima kwa njia mbadala. Kilele cha Bois Clair kiko mita 390 hivi juu ya usawa wa bahari na Cluny iko karibu 250, si kitu kwa mzoefu, ila mwinuko huo unapandwa kwa mkupuo na ni mkali kuliko chochote tulichokuwa tumekipanda. Ya pili, sote kurudi Cluny na kuikosa treni. Ya tatu, kugawanyika: Shangazi na mwenzake mmoja warudi Cluny, wengine wapande. Nilimpigia mwenye duka. Alisema angeweza kufika Cluny baada ya saa moja na nusu na kuchukua watu wawili na baiskeli zao, kwa malipo ya ziada.

Nilichagua ya kwanza. Nikiwa mkweli, sababu zilikuwa tatu. Moja, nilihesabu kwamba tukipanda kwa nusu saa bado tungeiwahi treni. Pili, gari la ziada lilikuwa gharama ambayo mimi ndiye niliyeisababisha, na niliona aibu kuitangaza. Tatu, nilisema kwa sauti kubwa kwamba tumetoka pamoja na tutafika pamoja, na maneno hayo yalipokewa kwa makofi. Baada ya makofi ilikuwa vigumu kwa Shangazi kusema kitu kingine.

Matokeo

Haikuwa nusu saa. Kupanda na kushuka hadi kuipata tena njia ya kijani kulichukua saa moja na nusu. Fundi alisukuma baiskeli mbili, yake na ya Shangazi, mkono mmoja kila usukani. Shangazi alitembea akiwa ameshikwa kiwiko na mke wa fundi, na kila kona alipumzika.

Kwenye mteremko mwalimu wa kwaya akaanguka. Hapa kuna jambo ambalo kila Mswahili anayekodi baiskeli Ufaransa anapaswa kulijua. Mwalimu alijifunza kwenye Phoenix, ile baiskeli ya breki za vyuma, na mikono yake inajua kwamba breki ya kulia ni ya tairi la mbele na ya kushoto ni ya nyuma, kama ilivyo kwa Waingereza. Ufaransa ni kinyume: kushoto ni mbele, kulia ni nyuma. Kwa siku tatu kwenye njia tambarare haikuleta shida, maana hakuwa akifunga breki kwa nguvu. Mteremko ulipomshika alikamata ya kushoto akidhani ananyamazisha tairi la nyuma. La mbele likasimama, yeye akaendelea. Alichunika viganja vyote viwili na mkono wa koti ukachanika kiwikoni. Tulimwosha kwa maji ya kunywa, na kilomita zilizobaki aliziendesha akishika usukani kwa ncha za vidole.

Tuliingia stesheni ya Mâcon saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Treni ilikuwa imeondoka. Watano walipanda ya baadaye bila shida kubwa. Wawili walikuwa na tiketi za kuunganisha zenye treni maalumu, ikabidi wanunue mpya, na nilizilipa mimi. Mwenye duka alitusubiri, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Goti la Shangazi lilivimba, na kwa wiki mbili alitembea kwa fimbo.

Uchambuzi

Niseme kwanza kilichofaa, maana kisa kama hiki kinaweza kumwogopesha mtu bure. Njia yenyewe ilitimiza kila ilichoahidi. Kwa kilomita zote tulizokuwa juu ya reli ya zamani, mama wa miaka 61 mwenye goti bovu na mwalimu ambaye hakuwa amepanda baiskeli kwa miaka mingi waliendesha, waliimba, na walifika bila kuogopa gari. Mapumziko ya kila dakika 20 yalifaa. Utaratibu wa kuinua mkono kwenye vigingi ulifaa. Kumwacha Fundi awe wa mwisho msururuni kulifaa: hakuna aliyewahi kuachwa nyuma.

Kilichoharibika ni viungo. Njia isiyo na magari na isiyo na mlima si kitu kimoja kuanzia nyumbani hadi nyumbani. Ina mahali pa kuingilia, mahali pa kutokea, mahali inapokatika, na kwenye viungo hivyo ndipo magari, milima na malango yanapokusubiri. Mimi nilipanga kilomita zote rahisi kwa uangalifu, na viungo vitatu vigumu sikuvipanga kabisa: kupanda Taizé, Bois Clair, na kutoka Charnay kuingia mjini Mâcon, ambako siku ile tulikuwa katikati ya magari ya watu wanaotoka kazini. Nilipima safari kwa wastani wake. Ilipaswa ipimwe kwa mita zake ngumu zaidi na kwa mtu wetu dhaifu zaidi, kwa pamoja.

Handaki lilikuwa rahisi kulijua. Tangazo la kufungwa kwake halikuwa siri, na simu moja kwenye ofisi ya utalii ya Cluny ingetosha. Kilichonizuia kupiga simu hiyo ni kwamba nilishapita pale. Mgeni kabisa angeuliza.

Kuhusu saa: akiba ya saa moja niliiweka mwishoni, kisha nikaacha Cluny iendelee kuila tangu asubuhi. Siku yenye kiungo kigumu inatakiwa ianze na kiungo hicho mapema. Tungelala Cluny usiku wa mwisho, tungefika langoni saa tatu asubuhi, na lango lililofungwa lingekuwa usumbufu tu.

Kuhusu breki na gia: sasa, kabla ya kuondoka dukani, kila mtu anaendesha kidogo uwanjani, anafunga breki moja, kisha nyingine, na kuniambia kwa sauti ipi ni ya wapi. Kisha tunatafuta kilima chochote kifupi, hata daraja, kila mtu abadilishe gia akipanda. Njia tambarare haimfundishi mtu mambo hayo, inamficha tu kwamba hayajui. Duka likiombwa mapema linaweza pia kubadilisha upande wa breki. Ni kazi ndogo kwa fundi.

Nililolifikiria zaidi kuliko yote ni uamuzi wa langoni. Kurudi Cluny kulikuwa mteremko mwanana wa reli, mwepesi hata kwa goti lile. Gari lilikuwa linapatikana. Kwa mizani yoyote njia ya tatu ndiyo iliyokuwa sahihi, na niliikataa kwa aibu na kwa maneno matamu ya kufika pamoja. Zaidi ya hapo, nilimwuliza Shangazi mbele ya wenzetu watano, baada ya makofi. Kiongozi akitaka kujua kama mtu mzima anaweza jambo, amwite pembeni, amwulize peke yake, na amwekee mbele njia mbili zenye heshima sawa. Sikumpa nafasi hiyo.

Nilimwomba radhi, na nilimsomea aya hii kabla ya kuiandika hapa. Shangazi hakubaliani nayo. Anasema hata ningemwita pembeni asingerudi Cluny, kwamba alitaka kuona upande wa pili wa kilima, na kwamba pale kwenye kona ya mwisho, ngome ya Berzé-le-Châtel ilipojitokeza na mizabibu chini yake, alisahau goti kwa dakika nzima. Bado naamini nilipaswa kumwuliza.

Juni iliyofuata alirudi, nasi tukiwa watano. Safari hii nilipiga simu. Tulifika langoni saa tatu na nusu asubuhi, likiwa wazi, na Shangazi akasimama kuvaa sweta na kuwasha taa ya baiskeli kabla ya kuingia.